Kikapu Changu na Jumamosi ya Bwana Ndoano

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliingia sebuleni na fimbo ndefu ya plastiki, nyembamba, yenye kigurudumu cha kuzungushia uzi, akaisimamisha ukutani karibu na kiti changu. Yeye na wenzake wa kazini wamepanga kwenda kuvua samaki mwisho wa juma. Gari wanalo, bia wanayo, wana kila kitu isipokuwa mto. "Koko," akaniambia, maana ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi kwetu, "weye ulikomala ngambo ya Lualaba. Utuonyeshe kamuto kenye samaki."

Niliitazama ile fimbo, nikahisi uchungu mdomoni. "Toa kwanza kile kitu mu nyumba yangu," nikamwambia. Alicheka, akadhani ni uzee unanisumbua. Si uzee. Ninyi wa rika langu mliokulia Kindu enzi za Wabelgiji mnajua kwamba kuna vitu mtu hukutana navyo akiwa na mvi, na bado mkono unatafuta jiwe.

Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyesimamia maghala ya bandarini. Jina lake la kwao silitaji, wala halinijalishi. Sisi tulimwita Bwana Ndoano. Wazungu wote walikuwa na majina tuliyowapa, na wengi walirudi makwao bila kuyajua. Huyu wetu alivaa kofia ya kitambaa iliyochomekwa ndoano ndogondogo, kila moja imefungwa manyoya kwa uzi, na jioni alikaa barazani akizitengeneza nyingine mpya, ulimi umetokeza kidogo kwenye kona ya mdomo. Siku moja aliona manyoya ya jogoo wetu mwekundu aliyemfuata baba hadi kazini. Akaagiza aletwe. Baba akamshika, naye Bwana Ndoano akamnyonyoa shingoni, unyoya mmoja mmoja, kwa utulivu mwingi. Jogoo alirudi nyumbani shingo uchi, mitetea wakamkimbia, na mama akakataa kumchinja kwa sababu alisema nyama yake imeshaingia aibu.

Mimi nilikuwa nikikaa kwenye ngazi ya jikoni, nikimenya viazi. Kutoka pale nilimwona Bwana Ndoano mezani na wageni wake. Kila walipokunywa kidogo alianza kusema neno moja, "trwiti, trwiti", huku akiinua mikono miwili na kupima hewani urefu wa mtoto mchanga. Sauti yake ililegea, macho yakamjaa maji. Sikuwa na shaka hata kidogo: Trwiti alikuwa mtoto wake, tena mtoto aliyekufa huko Ulaya kabla hajajifunza kutembea. Nilimhurumia mno. Niliwahi hata kumwombea huyo Trwiti kanisani, nikiwa nimefumba macho kabisa. Baba aliponieleza kwamba ni samaki wa mito ya baridi ya kwao, sikumwamini. Nani atamlilia samaki?

Sasa niwaeleze mto. Kijiji cha mama yangu kilikuwa ng'ambo, unavuka Lualaba kwa kivuko halafu unashika barabara ya Kalima, na nyuma ya kijiji kile kulipita kijito kinachoitwa Kamimbi. Maji yake yalikuwa meupe na baridi, yanapita juu ya mawe. Wanaume hawakuwa na neno pale. Kamimbi ulikuwa mto wa wanawake, na msimamizi wake alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, Mama Mkubwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, mjane asiye na mtoto ila sisi wa dada yake.

Kila kiangazi, maji yakipungua, yeye ndiye aliyetangaza siku ya kufunga mto. Wanawake walishuka wote, wakajenga boma la miti, majani ya migomba na udongo, wakazuia maji juu, halafu wakayateka na kuyamwaga yale yaliyobaki chini mpaka samaki wakaonekana wanarukaruka kwenye matope. Siku hiyo mwanamume haruhusiwi kukaribia, kwa kuwa wanawake hufunga nguo kiunoni na kuimba nyimbo ambazo mume hapaswi kusikia kutoka kinywani mwa mkewe. Akitokea mmoja, hupakwa matope toka kichwani, na hawezi kumshitaki mtu kokote. Samaki walikaushwa moshini, na hao ndio waliotulisha hadi mvua zikolee. Bila Kamimbi tulikula sombe tupu, majani ya muhogo.

Msichana hakushuka mtoni mpaka ang'oke meno ya utoto, na akishuka, mama mkubwa wake humsukia kikapu cha kwanza. Changu kilisukwa kiangazi hicho cha Bwana Ndoano. Kilikuwa kidogo, mdomo mpana, chenye mstari mweusi wa ufito uliolowekwa kwenye tope la kinamasi. Nililala nacho. Nilikula nacho mapajani. Mama alisema afadhali nisingeng'oka meno.

Bwana Ndoano aliuona Kamimbi akiwa safarini kwenda Kalima kwa shughuli zake. Gari lilichemka, akashuka kutafuta maji, akakuta kijito cha mawe na samaki wanaoruka kudaka nzi. Kapita wa kijiji, yule msimamizi tuliyewekewa na serikali, alisema Mzungu alipiga magoti na kuosha uso, akacheka peke yake. Alikuwa ameikuta Ulaya yake. Akaamua kwamba samaki wetu ni trwiti wa Kongo, na kwamba mto ule sasa ni wake.

Alirudi baada ya siku chache pamoja na polisi. Ilikuwa asubuhi ya kufunga mto, mimi na mama tumeshavuka kutoka Kindu. Tulikuwa tunashuka, mimi nikiwa mbele na kikapu changu kichwani, na wimbo tayari mdomoni. Kapita alisimama katikati ya njia.

"Vikapu vyote chini," akasema, bila kumtazama mtu. "Bwana anasema munaua mito. Munaokota samaki wakubwa na watoto. Toka leo Kamimbi iko ya Bwana."

"Mutoto wa nani alisikia hii neno?" Mama Mkubwa akauliza. "Mama yako alikukomalisha na samaki ya wapi, weye kapita?"

Kapita akampisha Bwana Ndoano.  Mzungu aliashiria kwa kidole, na polisi wakavikusanya vikapu palepale kwenye uwanja wa kijiji. Kisha akataka Mama Mkubwa mwenyewe avipange na kuvitia moto, ili kila mtu aone. Polisi alishika fimbo ya ngozi ya kiboko. Mama Mkubwa alivipanga. Alivichukua kimoja kimoja, vya wanawake aliowafunza yeye, na vingine vilisukwa na marehemu mama yake. Changu alikipa nafasi ya mwisho juu kabisa, labda akidhani Mzungu atachoka kabla. Hakuchoka. Ufito mkavu haukawii kuungua. Nilipiga ukelele, mama akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

Tangu siku hiyo sikumwombea tena Trwiti. Nilikaa kwenye ngazi yangu ya jikoni, nikamenya viazi, na nilimchukia Bwana Ndoano kwa moyo wote. Nilimwangalia shingo, masikio, visigino. Nilitamani ang'oke meno yote nami niyahesabu. Watu husema mtoto hajui kuchukia. Ni waongo au hawakunyang'anywa kitu.

Nikiwa pale ndipo nilipoyasikia matayarisho. Kwa majuma kadhaa hapakuwa na mazungumzo mengine mezani. Mkubwa wake alikuwa anakuja kwa boti, Mzungu mnene mwenye cheo, na Bwana Ndoano alitaka kumpeleka Kamimbi Jumamosi na Jumapili. Alitandaza ramani mezani, akaweka chumvi mahali pa kivuko na kisu mahali pa barabara. Alifunga na kufungua fimbo zake, akazipaka mafuta. Alijaribu uzi barazani, akiurusha kuelekea kwenye maua ya Madamu, mkewe, mpaka akanasa nguo ya ndani kwenye kamba ya kuanikia. Alimwagiza baba achukue mkate, siagi, viazi, malimau na mvinyo. Baba akauliza kuhusu nyama.

"Hapana nyama," Bwana Ndoano akajibu kwa Kiswahili chake. "Sisi kula samaki. Samaki mingi!" Akapima hewani kwa mikono yake miwili.

Nyumbani baba alitueleza jambo lenyewe. Mkubwa yule akiifurahia safari, angetoa ruhusa ijengwe nyumba ya mapumziko ya Wazungu kando ya Kamimbi, na ubao wa kukataza watu usimikwe. Hapo ingekuwa basi, si kwa kiangazi kimoja, ni kwa maisha. Mama alisikiliza, akafunga nguo zetu kwenye kitambaa, na kesho yake tukavuka kwenda kumwambia dada yake.

Nilitegemea Mama Mkubwa atapiga kelele. Badala yake alikaa akichambua maharage, akauliza tu: "Wanakuja lini?"

"Siku ya posho," mama akasema, maana Jumamosi tuliiita hivyo.

Mama Mkubwa akainuka, akaenda moja kwa moja kwa kapita, na mimi nikamfuata. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwa sauti laini ambayo sikuijua: "Kapita, wageni wakubwa wanakuja, na kule mutoni kuko buchafu. Majani, matope, miti imeanguka. Wanamuke watafagia. Lakini wanaume wasishuke, tutakuwa mu maji."

Kapita nusura ambusu mikono. Aliogopa sana kulaumiwa. Akamsifu mbele ya watu kuwa ndiye mwanamke mwenye akili.

Nilimchukia Mama Mkubwa naye pia. Nilidhani fimbo ya polisi imemvunja, kwamba ameshika ile methali, mkono usioweza kuukata, ubusu. Siku zile zote alipita akigawa mafagio na kuwaambia wanawake wasisahau mabeseni, masufuria na nguo kuukuu, za kusafishia. Nilikataa chakula chake. Akaniangalia, akatia mkono kwenye chungu, akakila yeye.

Ijumaa asubuhi aliniamsha kwa kunivuta mguu. "Simama. Tunaenda kufagia."

"Mimi siendi kumufagilia Muzungu."

"Nani alikuambia uko na ruhusa ya kukataa?" akasema, akanitia fagio mkononi.

Tulishuka wanawake wote, wazee kwa wasichana. Nilipofika kwenye maji niliona mafagio yametupwa upande, na Mama Mkubwa amekwisha kufunga nguo kiunoni. Wengine walikuwa wanakata miti ya boma. Ndipo mama yangu, mama yangu mpole, alipoanza wimbo. Ulikuwa wimbo wa kiangazi, ule wa kuwatukana wanaume, lakini leo ulikuwa na jina la Bwana Ndoano, na mambo waliyosema juu ya ndoano yake siwezi kuyaandika hata kwa umri huu. Nilisimama mdomo wazi. Kimya kingi kina mshindo, tulifundishwa, lakini sikuwahi kuuona mshindo ukifunga nguo kiunoni.

Hatukuwa na vikapu, kwa hiyo tulitumia kila kitu. Tuliteka kwa masufuria, tulikumba kwa mabeseni, tuliburura nguo kuukuu kwenye matope watu wakiwa wameshika ncha. Mimi nilitumia mikono. Chini ya jiwe moja niligusa kitu kinachoteleza, nikakikumbatia na kuanguka nacho, nikameza matope, sikukiachia. Alikuwa kambale mnene kuliko mkono wa baba. Mama Mkubwa alimpiga kichwani kwa nyuma ya panga, akasema: "Huyu tutamuweka pembeni. Iko na mwenyewe." Nilidhani ananikusudia mimi.

Sehemu ile pana ambayo Bwana Ndoano aliipenda tuliirudia mara kwa mara. Wakubwa tuliwatoa wote. Wadogo, wale ambao siku zote tuliwaacha madimbwini, Mama Mkubwa aliwahamisha kwenye mabeseni mpaka juu zaidi, nyuma ya msitu, ambako hakuna njia ya gari. "Hawa ni wa kiangazi kingine," akasema. Kisha tukabomoa boma, maji yakarudi, tukafagia kingo kweli, tukaokota kila jani na kila gamba. Jioni Kamimbi ulikuwa unang'aa. Kuhusu moshi wa kukaushia samaki hatukuwa na hofu, kwa sababu ulikuwa wakati wa kuchoma mashamba na moshi ulikuwa kila mahali.

Jumamosi wakaja. Bwana Ndoano aliendesha mwenyewe, mkubwa wake kando yake, baba nyuma na masanduku. Aliegesha palepale uwanjani, karibu na duara jeusi la majivu ya vikapu vyetu, kama mtu asiyekumbuka. Alipouona mto ulivyofagiwa alimpiga kapita begani kwa furaha. Walivaa viatu vya mpira mpaka mapajani, wakaingia.

Tulimtazama kutoka kwenye migomba. Alirusha uzi vizuri, sitamnyima haki hiyo. Manyoya ya jogoo wetu yalitua juu ya maji kwa upole, yakaelea, yakapita, hayakuguswa na kitu. Akarusha tena. Akahama jiwe. Akabadili manyoya. Jua lilipanda, likashuka, na mkubwa wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja akijipiga mbu. Usiku wao walikula viazi. Jumapili asubuhi alianza mapema zaidi, akarusha kwa haraka zaidi, mpaka akajinasa mwenyewe sikioni. Nilicheka hadi nikabana tumbo, na leo nikikumbuka nacheka tena, Mungu ananiona.

Karibu na adhuhuri baba alikuja nyuma ya nyumba kutafuta kuni. Aliinua pua, akafungua mlango wa jiko la Mama Mkubwa, akaona vichanja vimejaa samaki toka ukuta hadi ukuta.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "mulifanya nini?"

"Bwana alitaka mutoni iwe safi," Mama Mkubwa akajibu. "Tulifagia."

"Akijua, mimi njo nitafungwa."

"Weye kazi yako njo kupika. Hukujua kitu, na hujui. Nenda uwaambie chakula inakuja. Ya bure. Wageni hawafe njaa kwetu."

Alikuwa ameshafunga samaki kwenye majani, pamoja na pilipili na mafuta ya mawese, akawachoma polepole. Wanawake walitoka na mafumba yale ya majani kichwani, mstari mmoja, wamejipaka mafuta, wamevaa nguo za kanisani. La mwisho lilikuwa zito. Akanipa mimi. "Hii njo ya kambale yako," akaniambia. "Nenda umupe yeye. Mukono kwa mukono. Na usiangalie chini."

Nilitaka kulia, maana alikuwa wangu. Halafu nikamtazama Mama Mkubwa usoni, na nikaelewa kwamba mwenyewe wa kambale, tangu mwanzo, alikuwa Bwana Ndoano.

Mkubwa alifungua fumba lake kwa pupa. Alikula kwa vidole, mafuta yakamshuka kidevuni, akaomba jingine. "Mama, samaki hii inatoka wapi?" akauliza.

"Mu Lualaba, Bwana," Mama Mkubwa akasema. "Pale Kindu, ku bandari, mbele ya magazini ya Bwana huyu, kwenye wanaweka mizigo."

Mkubwa aliacha kutafuna. Akamgeukia Bwana Ndoano, akasema maneno marefu kwa Kifaransa, na tumbo lake likaanza kutikisika kwa kicheko. Baba alitutafsiria baadaye: kwamba amevushwa mto, amepondwa mgongo barabarani na kulishwa viazi kando ya dimbwi tupu, ilhali samaki wako mbele ya ofisi ya huyu mwanamume. Kuhusu nyumba ya mapumziko, alisema waijengee vyura.

Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele ya Bwana Ndoano. Alifungua majani. Kichwa cha kambale kilikuwa na alama ya panga, na kwenye shavu, pembeni, kulikuwa kumebaki chembe ya tope jeupe la Kamimbi, tope ambalo Lualaba haina. Aliligusa kwa kidole. Akainua macho kwa Mama Mkubwa, naye hakuyakwepa. Alijua. Nilimwona akijua, na nilimwona akitambua kwamba hawezi kusema, kwa sababu angesema nini mbele ya mkubwa wake anayecheka? Kwamba wanawake aliowachomea vikapu wamemkaushia mto kwa masufuria? Sikio lake lilikuwa jekundu, na ndoano ilikuwa imeacha tundu.

"Kula, Bwana," nikasema. Hakuna aliyenifundisha neno hilo.

Akala. Alikula kambale wangu wote, taratibu, mkubwa akimtazama, mpaka ikabaki mifupa. Mikono yake haikupima kitu hewani. Alipomaliza alinirudishia majani pamoja na mifupa, nami nikayapokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama nilivyolelewa. Kisha nikatembea hadi kwenye lile duara jeusi kando ya gari lake, nikaimwaga mifupa juu ya majivu ya kikapu changu.